Tehama ina milango mingi: Jinsi ya kuteua njia ya taaluma kabla ya kulipa karo

KILA mara matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Elimu ya Sekondari (KCSE) yanapotangazwa, familia nyingi nchini huketi kujadili swali moja: mtoto asomee nini? Miongoni mwa majibu yanayotolewa upesi ni “kompyuta”.

Jibu hilo halitofautiani na kusema kwamba mtoto atasomea “hospitali”. Ndani ya hospitali mna daktari, muuguzi, mfamasia, mhasibu na fundi wa mitambo. Wote hao hufanya kazi chini ya paa moja, lakini kila mmoja aliingia kwa mlango wake, kwa masomo yake na kwa gharama yake.

Ndivyo ilivyo katika sekta ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano (Tehama). Mwanafunzi asiyejua tofauti ya milango hiyo huweza kutumia miaka minne na karo iliyopatikana kwa kuuza ng'ombe au kipande cha shamba, kisha akagundua kwamba kazi aliyosomea si ile aliyoitamani.

Makala haya yanaeleza kazi kuu za sekta hiyo, masomo yanayozifungulia milango, na mambo ambayo mwanafunzi na mzazi wanafaa kuyapima kabla ya kuamua.

Sekta iliyokua kwa kasi

Hadi miaka ya mwanzo ya 2000, ajira ya tarakilishi nchini Kenya ilikuwa kwa kiasi kikubwa katika benki, mashirika makubwa, idara za serikali na maduka ya kutengeneza vifaa. Mawasiliano ya intaneti yalitegemea setilaiti, nayo yalikuwa ghali na ya polepole.

Mambo yalibadilika katika muda mfupi. Machi 2007, kampuni ya Safaricom ilizindua huduma ya M-Pesa, na simu ya mkononi ikawa chombo cha kutuma na kupokea fedha. Mwaka wa 2009, nyaya za SEACOM na TEAMS zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata waya wa EASSy ukaanza kazi.

Mnamo 2010, kituo cha iHub kilifunguliwa jijini Nairobi na kuwa mahali pa kukutania kwa vijana wabunifu. Baadaye kampuni za kimataifa nazo zilianza kutafuta wataalamu nchini. Microsoft ilifungua kituo chake cha ustawishaji jijini Nairobi mwaka wa 2019, nayo Google ikatangaza chake mwaka wa 2022.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba ajira ya Tehama imo katika kampuni za teknolojia pekee. Benki, vyama vya akiba na mikopo, hospitali, kampuni za bima, vyuo, viwanda vya majani chai na serikali za kaunti 47 zote zina mitandao, hifadhidata na mifumo ya malipo inayohitaji watu wa kuiunda, kuitunza na kuilinda.

Kazi zenyewe

Njia bora ya kuzitofautisha taaluma hizi si kwa majina yake bali kwa kuuliza: mtu huyu hufanya nini kuanzia asubuhi hadi jioni?

Mtengenezaji programu huandika msimbo, yaani maagizo yanayoielekeza tarakilishi au simu kutekeleza kazi fulani. Sehemu kubwa ya siku yake haipiti katika kuandika mambo mapya bali katika kusoma msimbo ulioandikwa na wengine, kutafuta kasoro na kuirekebisha. Kazi hii humfaa mtu mwenye subira, anayeweza kukaa na tatizo moja kwa saa nyingi bila kukata tamaa.

Mtaalamu wa mitandao na seva huhakikisha kwamba mawasiliano hayakatiki. Yeye huunganisha vifaa, hupanga mitambo na hufuatilia hitilafu. Mfumo ukianguka saa nane usiku, yeye ndiye hupigiwa simu. Siku hizi kampuni nyingi hukodi nafasi katika seva za mbali, huduma inayojulikana kama wingu, hivyo mtaalamu wa aina hii analazimika kuzijua huduma hizo pamoja na nyaya na vifaa.

Mchanganuzi wa data hukusanya takwimu, huzisafisha na kuzifasiri ili wakubwa wa shirika waamue kwa ushahidi. Benki, kwa mfano, hutaka kujua ni wateja gani wanaolipa mikopo kwa wakati. Anayechukia hisabati, hasa takwimu na uwezekano, hatadumu katika kazi hii hata ikiwa mshahara wake unavutia.

Mtaalamu wa usalama wa mtandao huwazuia wadukuzi. Umuhimu wake ulidhihirika Julai 2023, huduma nyingi za serikali zilizo katika tovuti ya eCitizen zilipotatizwa na mashambulizi ya mtandaoni. Ni vigumu kuanzia hapa moja kwa moja, kwa kuwa mtu hawezi kulinda asichokielewa. Wengi huanza katika mitandao au programu, kisha wakahamia usalama.

Mjaribu programu huitumia programu kwa kila njia, ikiwemo njia mbaya, ili kasoro zipatikane kabla mteja hajazipata. Baadhi ya watu huidharau kazi hii, lakini Julai 19, 2024 ulimwengu ulishuhudia thamani yake. Sasisho moja lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama ya CrowdStrike lilizima takriban tarakilishi milioni 8.5 zinazotumia Windows, likakwamisha safari za ndege, benki na hospitali katika nchi nyingi.

Msanifu wa tovuti na programu hushughulikia kile mtumiaji anachokiona: vitufe, maandishi na mpangilio wa kurasa. Huhitaji jicho la sanaa, na zaidi ya hayo moyo wa kuwasikiliza watumiaji, akiwemo mama mboga anayetumia simu ya bei nafuu.

Mchanganuzi wa mifumo na msimamizi wa miradi husimama kati ya wateja na mafundi. Mmoja hueleza mahitaji ya mteja kwa lugha ambayo mafundi wataielewa, mwingine huhakikisha kwamba kazi inakamilika kwa wakati na kwa bajeti. Aliye hodari wa lugha na mpangilio ana nafasi hapa hata kama si bingwa wa msimbo.

Mhudumu wa dawati la usaidizi huwasaidia wafanyakazi wenzake wanaposahau neno la siri au mashine ya kuchapisha inapogoma. Kwa vijana wengi huu ndio mlango wa kwanza wa kuingilia sekta hii, nao si wa kudharauliwa, kwa maana humwonyesha mtu jinsi shirika zima linavyotumia teknolojia.

Njia za masomo

Mwanafunzi aliyepata wastani wa C+ na zaidi katika KCSE anaweza kuomba nafasi ya shahada kupitia Huduma ya Kuratibu Uteuzi wa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu na Taasisi nyinginezo (KUCCPS), iliyochukua mahali pa Bodi ya Pamoja ya Uteuzi baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012.

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu shahada zenye majina yanayokaribiana hufundisha mambo tofauti. Sayansi ya tarakilishi huegemea hisabati na nadharia ya jinsi tarakilishi inavyofikiri. Uhandisi wa programu huegemea ujenzi wa mifumo mikubwa. Teknolojia ya habari huegemea matumizi na usimamizi wa mifumo, nayo teknolojia ya habari za biashara huchanganya masomo hayo na uhasibu na usimamizi.

Uhandisi wa tarakilishi uko kando kidogo. Huu ni uhandisi kamili wenye fizikia na elektroniki, na kwa kawaida huchukua miaka mitano badala ya minne. Anayetaka kuitwa mhandisi kisheria anapaswa kuthibitisha kwamba kozi yake inatambuliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya.

Aliyepata C- anaweza kusomea stashahada, naye mwenye D anaweza kuanza na astashahada katika vyuo vya kiufundi na vyuo vya kitaifa vya ufundi kama vile Kisumu, Eldoret na Nyeri. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: mwanafunzi anaweza kuanza na cheti, akapanda hadi stashahada, na hatimaye akajiunga na chuo kikuu.

Bodi ya KASNEB, iliyoanzishwa mwaka wa 1969 na inayojulikana zaidi kwa mitihani ya uhasibu, nayo hutahini kozi za Tehama. Aidha, kuna shule za mafunzo ya muda mfupi kama Moringa, iliyoanza mwaka wa 2014, na AkiraChix, iliyoanzishwa mwaka wa 2010 ili kuwapa wasichana nafasi katika sekta ambayo wanaume wamekuwa wengi kupita kiasi.

Kwa wazazi wenye watoto wadogo, uamuzi huja mapema zaidi. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi walijiunga na Gredi ya 10 mwaka wa 2026, na kabla ya kufika huko walitakiwa kuteua mkondo mmoja kati ya sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo. Anayeota kuunda programu anafaa kuushughulikia msingi wake wa hisabati kabla ya hatua hiyo, wala si baadaye.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mzazi ana wajibu wa kuthibitisha uhalali wa taasisi. Vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ilhali vyuo vya kiufundi husajiliwa na Mamlaka ya TVET. Chuo chenye mabango makubwa mjini bila usajili huo kinaweza kutoa cheti ambacho hakitambuliwi.

Cheti, shahada au ujuzi?

Tofauti na udaktari au uanasheria, mtu hahitaji leseni ili kuandika programu. Kwa sababu hiyo, wapo wanaosema shahada haina maana tena. Kauli hiyo ina ukweli nusu.

Ni kweli kwamba kampuni nyingi changa humpima mwombaji kwa kazi aliyowahi kuifanya. Lakini nafasi katika serikali, kaunti, benki na mashirika ya umma mara nyingi hutangazwa zikiwa na sharti la shahada au stashahada, na asiyekuwa nayo huondolewa kabla ujuzi wake haujatazamwa.

Vyeti vya kampuni za kimataifa, kwa mfano CCNA cha Cisco katika mitandao, husaidia pale vinapoambatana na ujuzi. Ila mwanafunzi ajue kwamba mitihani yake hulipiwa kwa dola na kwamba baadhi ya vyeti hivyo hukoma. Cha CCNA hudumu kwa miaka mitatu, kisha mwenyewe hulazimika kukihuisha.

Vilevile, ni hatari kujifunga kwa chombo kimoja. Katika miaka ya 2000, wasanifu wengi wa tovuti walijivunia ustadi wa Flash, lakini kampuni ya Adobe ilikoma kuihudumia mwishoni mwa mwaka wa 2020. Kwa upande mwingine, lugha ya SQL ya kuulizia hifadhidata ilibuniwa katika miaka ya 1970 na ingali inatumika kila siku. COBOL, iliyobuniwa mwaka wa 1959, bado inaendesha mifumo ya baadhi ya benki duniani.

Funzo ni kwamba misingi huishi kuliko mitindo. Anayeelewa jinsi data inavyohifadhiwa, jinsi mtandao unavyosafirisha ujumbe na jinsi tatizo kubwa linavyogawanywa katika vipande vidogo atajifunza lugha yoyote mpya kwa muda mfupi.

Kujipima kabla ya kuteua

Mkulima mwerevu huonja udongo kabla ya kupanda. Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne huwa na miezi kadhaa kabla ya kujiunga na chuo, na muda huo unatosha kujipima bila gharama kubwa.

Anaweza kutenga miezi mitatu. Mwezi wa kwanza ajifunze misingi ya lugha moja rahisi kama Python, ambayo mafunzo yake yanapatikana bila malipo kwenye intaneti. Mwezi wa pili ajaribu kuunda kitu kidogo chenye manufaa, mathalani programu ya kuweka hesabu ya duka la jirani au ya kikundi cha chama. Mwezi wa tatu amwombe fundi wa mitandao au wa tarakilishi mjini kwao amruhusu kumtazama akifanya kazi.

Mwishoni ajiulize: ni kazi gani iliyomfanya asahau chakula cha mchana, na ni ipi iliyomfanya atazame saa kila mara? Jibu hilo lina uzito kuliko orodha ya mishahara inayosambazwa mitandaoni.

Asiye na tarakilishi nyumbani hana budi kutafuta mahali pa kujifunzia: maabara ya shule aliyosomea, maktaba za umma zenye vifaa hivyo, au vituo vya mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanzishwa mwaka wa 2016. Simu pekee yafaa kwa kusoma na kutazama mafunzo, lakini ni chombo kigumu kwa kuandikia programu ndefu.

Kikwazo cha kazi ya kwanza

Ugumu mkubwa katika sekta hii si kupata kazi ya tano bali ya kwanza. Septemba 2019, kampuni ya Andela, iliyokuwa ikiwafunza vijana wa Afrika na kuwaunganisha na waajiri wa ng'ambo, ilitangaza kuwaachisha kazi mamia ya watengenezaji programu chipukizi nchini Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu iliyotolewa ni kwamba soko lilikuwa likiwataka zaidi wenye tajriba.

Hali hiyo imezidi kubana tangu kampuni ya OpenAI ilipozindua ChatGPT mnamo Novemba 2022. Mifumo ya akili unde sasa huweza kuandika msimbo mwepesi kwa sekunde chache, nao msimbo mwepesi ndio uliokuwa ukikabidhiwa wanaoanza kazi.

Hii haimaanishi kwamba taaluma imekufa. Akili unde hukosea, tena hukosea kwa sauti ya kujiamini. Panahitajika mtu wa kusoma ilichoandika, kutambua kasoro, kuuliza mteja anataka nini hasa, na kuwajibika mfumo unapoharibika. Mwanafunzi anayeitumia mifumo hiyo kumfanyia kazi za darasani bila kuelewa anajinyima ujuzi uleule ambao mwajiri atautafuta kwake.

Kwa hivyo, mwenye kutafuta kazi ya kwanza anahitaji ushahidi. Mafunzo ya nyanjani wakati wa masomo, kazi ndogo aliyoifanyia kanisa, msikiti, shule au chama cha ushirika, na msimbo aliouweka hadharani ili wengine wausome, vyote humtofautisha na mwombaji mwenye karatasi tupu.

Kazi za mtandaoni na mipaka ya sheria

Vijana wengi huanza na kazi za mtandaoni kama kunakili sauti, kutafsiri au kuainisha picha zinazofunza mifumo ya akili unde. Kazi hizi huleta kipato, lakini nyingi hulipwa kwa kipande na hazina ngazi ya kupandia.

Baadhi zina madhara. Mwaka wa 2023, zaidi ya wafanyakazi 180 waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook jijini Nairobi walienda mahakamani kulalamikia kuachishwa kazi na mazingira waliyofanyia kazi, ambayo yaliwalazimu kutazama picha na video za kutisha siku baada ya siku. Kijana anayesaini mkataba wa aina hiyo anafaa kuusoma wote na kuuliza ni msaada gani wa kiafya utakaotolewa.

Anayevutiwa na usalama wa mtandao naye azingatie sheria. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Tarakilishi na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 inaharamisha kuingia katika mfumo wa mtu mwingine bila idhini, hata kama nia ni kujifunza. Mazoezi yafanywe kwenye tarakilishi yake mwenyewe au kwenye majukwaa yaliyotengwa kwa shughuli hiyo.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 nayo imefungua mlango mpya. Mashirika yanayokusanya habari za watu yanawajibika kwa Kamishna wa Data, hivyo yanahitaji watu wanaoelewa teknolojia na sheria kwa pamoja. Hii ni nafasi njema kwa mwanafunzi anayependa lugha na hoja kuliko msimbo.

Maswali ya kujibu kabla ya karo

Kabla ya fomu kujazwa, mzazi na mtoto wanaweza kuketi pamoja na kujibu maswali machache kwa uaminifu. Je, mtoto ameshaijaribu kazi hii kwa mikono yake, au ameisikia tu? Alama zake za hisabati zinaruhusu njia aliyoiteua? Taasisi imesajiliwa, na kozi yenyewe inatambuliwa? Kuna maabara inayofanya kazi, au ni picha tu kwenye tovuti? Wanafunzi hupelekwa wapi kwa mafunzo ya nyanjani? Karo ya miaka yote, pamoja na tarakilishi na intaneti, itatoka wapi, na je, mkopo wa HELB utahitajika?

Jibu likikosekana katika mojawapo, si lazima ndoto iachwe. Huenda njia ya stashahada ya miaka miwili au mitatu karibu na nyumbani, ikifuatwa na kazi na kisha shahada, ikamfikisha mtoto palepale kwa deni dogo.

Chaguo la kwanza pia si kifungo cha maisha. Wapo walioanza kwenye dawati la usaidizi wakaishia kulinda mitandao ya benki, na walioanza kwa kujaribu programu wakaishia kuziunda. Linaloumiza familia ni karo iliyokwisha kabla mtoto hajajua anachokisomea, na hilo linaweza kuepukwa kwa kuuliza mapema.